Tulishukia Bunda

Binti yangu alikuwa na miaka saba alipoondolewa mafindofindo, yale ambayo huku kwetu kila mtu anayaita tonsesi. Kabla ya hapo tulikuwa tumezunguka naye zahanati za Musoma karibu zote. Homa inapanda, anapewa dawa, inashuka, na baada ya wiki chache amelala tena, shingo imevimba pande zote mbili, hamezi hata mate yake mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Mchana alikuwa akitoka shule analala kwenye godoro nyuma ya mashine yangu, anakoroma kama mtu mzima, halafu mkoromo unakatika. Mguu wangu unasimama kwenye pedali. Nasubiri. Ghafla anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu kama aliyetolewa majini, na mimi narudi kwenye upindo wa sketi nikiwa nimepoteza mstari. Wateja walikuwa wanacheka, wanasema shule imemchosha.

Wakwe zangu wote wawili walishafariki. Mkubwa tuliyebaki naye mjini ni shangazi wa mume wangu, dada wa baba mkwe, anayeuza nafaka sokoni hapo Musoma. Ni mwanamke mrefu, haongei sana, na akishaongea mambo yamekwisha. Yeye aliona ugonjwa wa mtoto ni kimeo kirefu.

"Kwetu Nyamuswa tunakataga tu," aliniambia. "Mzee anakuja na kisu chake asubuhi, mchana mtoto anakula. Hata baba yake alikatwaga."

Mume wangu alikuwa pale, akanyamaza. Nilikuwa nimeshaona mtoto wa jirani yetu aliyekatwa kimeo akirudi na kidonda kilichooza, kwa hiyo usiku huo sikumwachia nafasi ya kunyamaza tena. Tukaenda hospitali. Daktari wa masikio, pua na koo alimulika kinywani, akaniita nisogee nione mwenyewe. Vilikuwa vinyama viwili, vyekundu, vimekaribiana mpaka katikati hapapiti kidole.

"Akilala vinaziba," alisema. "Ndiyo maana pumzi inakatika."

Shangazi alipopewa habari kwamba tumekubali upasuaji, hakubisha. Alisema tu, "Mmeshaamua," na kwa muda mrefu hakukanyaga kibandani kwangu.

Asubuhi ya upasuaji mtoto hakutakiwa kula wala kunywa. Alilia chai njia nzima, kisha tulipofika wodini akaacha kulia, na kimya chake kikaniumiza zaidi. Walimvalisha gauni la kijani lililomfika miguuni. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji muuguzi aliniambia niishie hapo. Binti yangu aliniuliza kama nitakuwepo akiamka. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo tena, mlango ukafungwa.

Niliambiwa ni kazi fupi. Nilikaa kwenye benchi na mume wangu, yeye akitazama simu isiyowaka, mimi nikikunja na kukunjua upindo wa khanga. Kila kitanda chenye magurudumu kilipopita tulisimama wote wawili. Walipomtoa alikuwa amelala ubavu, mate yenye damu kidogo pembeni mwa mdomo, uso umevimba. Alipozinduka alipiga kelele ambayo haikuwa na sauti. Alirusha mikono, akanipiga usoni, hakunijua. Muuguzi mmoja wa umri wa mama yangu alinishika bega.

"Ni dawa ya usingizi hiyo inamtoka. Hatakumbuka. Wewe ndiye utakumbuka."

Huyo muuguzi ndiye aliyekaa nami siku tuliyoruhusiwa. Alisema taratibu, akinitazama kama anayepima ninachoweza kubeba.

"Maumivu yatapanda kabla hayajashuka. Siku za katikati ndizo mbaya, usidhani kuna kilichoharibika. Masikio yatamuuma, lakini ni koo hilo hilo. Kule nyuma utaona utando mweupe, na mdomo utanuka. Usiukwangue. Anywe maji, uji uliopoa, maziwa. Akilia, anywe akilia. Koo likikauka ndipo linachanika. Na huo utando unapoanza kubanduka, wiki ya kwanza ikiisha, damu inaweza kutoka. Ukimwona anameza-meza na hana kitu mdomoni, mfungue mdomo uangalie. Watoto wanameza damu kimya kimya, mama hajui mpaka wanatapika. Msitoke mbali na hospitali mpaka wiki mbili ziishe."

Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni nilidhani tumebahatika, maana siku ya pili alikula uji na kuniomba juisi. Kisha maumivu yakapanda. Alishika masikio na kugeuka ukutani. Nilimpa dawa kwa saa zake, nikasubiri ianze kufanya kazi, nikaja na kikombe, naye akafunga meno. Niliomba, nikabembeleza, nikakaripia, nikaomba tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba ya kutokea puani, kama ya mtoto mwingine aliyevaa nguo za wangu. Mdomo ulinuka kama maji ya maua yaliyosahaulika chomboni. Nikimulika, utando mweupe ulikuwepo pande zote mbili, nami nilijifunza kuutazama bila kuogopa.

Wiki ilikuwa inaelekea kuisha, na alikuwa ameanza kutabasamu kidogo, tulipopigiwa simu kutoka Nyamuswa. Baba mdogo wa mume wangu amefariki. Alikuwa kaka wa mwisho wa shangazi aliyebaki hai. Mume wangu aliondoka siku hiyo hiyo kwenda kusaidia maandalizi. Kesho yake shangazi akaja nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Macho yalikuwa yamevimba. Hakukaa.

"Kesho tunazika. Shemeji yako anatupeleka na gari lake. Jiandae na mtoto."

"Shangazi, pole sana. Lakini hospitali walisema asitoke mjini mpaka wiki mbili ziishe."

"Walijua kaka yangu atakufa?"

Nilimvutia kiti. Hakukitazama.

"Mkamwana," alisema, na sauti ilishuka badala ya kupanda, "ulipokataa kimeo nilikuachia. Hili siwezi kukuachia. Alikuwa baba mkwe wako aliyebaki. Huwezi kukosa kumzika kwa sababu mtoto anaumwa koo."

Nilimpigia mume wangu. Nyuma yake nilisikia watu wakipasua kuni. Alisema Bunda kuna hospitali, Nyamuswa sio porini, tuje asubuhi turudi jioni. Alisema pia, polepole, "Nikisimama kaburini bila nyinyi, nitaonekanaje?" Nilimpigia mama yangu, anayeishi Butiama. Yeye alisema nimpitishe mtoto kwake nimwache. Lakini Butiama nako ni mbali na hospitali ile, na miguu ya mama imevimba, hawezi kukimbia na mtoto akihitaji kukimbizwa hospitali. Nilizunguka na mambo hayo usiku kucha. Asubuhi niliamua kwamba kama lazima awe njiani, awe njiani mikononi mwangu.

Tuliondoka wanne. Shemeji, ndugu wa mume wangu, anaendesha, shangazi mbele, mimi na binti yangu nyuma. Kwenye ndoano juu ya dirisha langu ilining'inia suti ya marehemu, nyeusi, aliyoinunua shangazi Musoma, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Maiti ilikuwa inasubiri kuvalishwa suti hiyo. Kwa hiyo hatukuwa na muda wa kupoteza, na shemeji alikuwa anaendesha hivyo.

Binti yangu alichungulia dirishani mpaka tulipopita Kiabakari, akaniuliza kama baharini ni mbali kuliko Nyamuswa. Nikamwambia asiongee sana. Kisha akaegemea mkono wangu. Nilikuwa namnywesha maji kwa mfuniko wa chupa, kidogo kidogo. Sijui ni wakati gani hasa nilianza kuona. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Likapumzika. Likapanda tena. Mfuniko wa maji ulikuwa mkononi mwangu, mkavu.

"Unameza nini?" nilimuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Fungua mdomo, mama."

Shangazi aligeuka. "Ana kiu huyo. Mpe maji."

Niliwasha tochi ya simu. Gari lilikuwa linaruka kwenye matuta, mwanga unacheza kwenye meno yake. Upande wa kulia utando ulikuwepo kama siku zote. Upande wa kushoto haukuwepo. Palikuwa na nyama nyekundu inayong'aa, na uzi mwembamba wa damu ukitelemka kwenda kooni. Nilimwambia ateme kwenye khanga yangu. Ikatoka nyekundu, sio mate yenye rangi, damu yenyewe.

Nilinyoosha khanga ile katikati ya viti viwili ili waione.

"Nipelekeni hospitali," nilisema. "Sasa hivi."

Tulikuwa tumeanza kuingia Bunda. Shemeji alitazama khanga, akatazama saa kwenye dashibodi, akamtazama shangazi. "Nyamuswa sio mbali," alisema. "Nikimshusha shangazi na suti, nakurudisha wewe na mtoto hapa mbio."

Sikumjibu yeye. Nilimwambia shangazi, "Mimi nashuka hata kama ni hapa barabarani."

Kichwa chake hakikugeuka. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye kitasa. Kisha akamwambia shemeji, "Kata kona, tupeleke hospitali."

Langoni nilishuka na mtoto begani. Nilikuwa nimepiga hatua chache niliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Shangazi alikuwa ameshuka. Alikwenda mlango wa nyuma, akatoa suti kwenye ndoano, akailaza vizuri kwenye kiti nilichokuwa nimekaa, akainama dirishani kwa shemeji.

"Waambie shati lifungwe vifungo vyote mpaka cha shingoni. Alikuwaga hapendi kifua wazi. Nenda."

"Shangazi, utakosa kuzika," nilisema.

"Tembea," alinijibu.

Chumba cha dharura alikuwepo daktari kijana wa kiume. Nilimweleza kwa haraka, upasuaji wa wiki iliyopita, kumeza-meza, utando uliobanduka. Hakutuuliza kwa nini tuko Bunda, na nilimshukuru moyoni. Alimkalisha binti yangu wima, kichwa mbele, akasema asilale chali. Hapo hapo mtoto akatapika. Ilitoka damu nyeusi iliyoganda, vipande vipande, imejaa beseni, nyingi kuliko nilivyodhani mwili mdogo vile unaweza kuificha. Beseni lilikuwa mikononi mwa shangazi. Sikumwona alipolipokea.

"Hiyo aliyotapika ni ya njiani," daktari alisema. "Mimi nataka kujua inayotoka sasa."

Walimwekea dripu. Wakachukua damu yake kupima kundi, wakachukua na yangu. Wakamchoma sindano ya kusaidia damu kuganda. Daktari alitoka koridoni, nikamsikia akiongea kwa simu na daktari aliyempasua Musoma, akijibu ndiyo, ndiyo, upande wa kushoto. Aliporudi alishika koleo refu lenye pamba iliyolowa dawa.

"Nitakandamiza pale panapovuja. Hatapenda. Mmoja wenu amshike kichwa, na asilegeze. Isipokoma, tunampeleka Musoma chumba cha upasuaji. Dereva wa gari la wagonjwa nimeshamwambia akae tayari."

Nilinyoosha mikono nimshike. Alipogeuza kichwa, nililegeza. Shangazi aliweka beseni chini, akaketi kitandani nyuma ya mtoto, akakiegemeza kichwa chake kifuani mwake, kiganja kimoja kwenye paji la uso. Mimi nikashika mikono midogo. Daktari aliingiza koleo. Binti yangu alijikaza, akakohoa, macho yakajaa machozi yakinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayefanya. Shangazi alianza kumwambia kitu sikioni, kwa Kiikizu. Mimi natoka Butiama, Kiikizu nakisikia nusu nusu. Nilielewa kwamba kulikuwa na ndama aliyetumbukia kwenye shimo la udongo, na mvulana aliyeingia shimoni kumsukuma, na dada yake juu akivuta masikio ya ndama. Alisimulia taratibu, bila kupandisha sauti, koleo likiwa ndani.

Daktari alitoa pamba, akaangalia, akaweka nyingine. Nje, injini ya gari iliwashwa. Sikujua kama ni lile lililokuwa linatusubiri sisi.

Katikati ya hayo simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya mume wangu. Shemeji alikuwa ameshafika na kumweleza. Aliniuliza kama mtoto yuko hai, kwa maneno hayo hayo, na nikasema yuko hai. Kisha akasema wanataka kufunga jeneza, wazee wanamuuliza shangazi, je, wasubiri.

Nilimweleza shangazi. Alinyoosha mkono mmoja akachukua simu, mwingine haukutoka kwenye paji la uso la mtoto.

"Zikeni," alisema. "Msinisubiri." Akasikiliza. "Usikate. Iache tu mkononi mwako."

Akaibana simu kati ya sikio na bega. Kwa mbali niliweza kusikia kwaya, sauti zinakuja na kupotea, halafu mtu akisoma, halafu kwaya tena. Daktari alibadilisha pamba nyingine na safari hii aliitazama kwa muda kabla ya kuitupa. Uso wa shangazi haukubadilika. Machozi yalikuwa yanashuka, yanafika kidevuni na kuangukia kwenye nywele za binti yangu, na mkono haukulegea. Baadaye alinirudishia simu.

"Nimesikia udongo," alisema.

Damu ilikoma. Haikukoma kwa mara moja. Ilipungua, daktari akangoja, akamulika, akangoja tena, akamwambia ateme, mate yakatoka ya waridi, kisha ya kawaida. Alisema bado hatutatoka, bado asile kitu, pengine ikaanza tena na ikabidi apelekwe Musoma. Kwa hiyo tulikaa. Kila koo la mtoto liliposogea, mimi na shangazi tuliinama pamoja. Mara moja tu nilisema, "Shangazi, nisamehe kwa kaka yako," naye akasema, "Mwangalie mtoto."

Mume wangu alifika jua likielekea kuzama, viatu vimejaa udongo mwekundu wa kaburini. Alisimama mlangoni mwa wodi kama mgeni. Alimgusa mtoto mguu, akapiga magoti mbele ya shangazi, akataka kusema kitu. Shangazi alimuuliza kama vifungo vilifungwa vyote. Akasema vilifungwa. Basi akainuka, akajifunga khanga yake upya, akamwambia amtafutie usafiri wa Nyamuswa, maana matanga yanamsubiri.

Tuliruhusiwa siku iliyofuata, tukarudishwa Musoma, daktari wake akamwona na kusema kidonda kimetulia. Hatukutoka mjini tena. Alikunywa maji safari hii bila kubembelezwa. Nadhani na yeye aliogopa. Utando wa upande wa pili ulibanduka wenyewe, bila damu, na wiki ya tatu alikula ugali na sato wa kukaanga mpaka nikamwambia inatosha. Sauti ilirudi polepole. Mpaka leo kuna wakati naamka namsikiliza anavyohema, na sio kwa sababu kuna tatizo.

Tulikwenda Nyamuswa mtoto alipopona kabisa. Kaburi lilikuwa limeanza kutitia upande mmoja. Tulikaa uani na wanawake wa ukoo tukichambua mchele, na mmoja wao, mkubwa kwangu, alisema bila kunitazama kwamba siku hizi kuna wakamwana wanaoweza kumzuia mtu asimzike hata ndugu yake wa tumbo moja. Wengine waliendelea kuchambua. Mume wangu alikuwa upande wa wanaume, asingeweza kusikia.

Shangazi alikuwa jikoni. Alitoka akiwa ameshika mwiko.

"Nani alimzuia nani?" aliuliza.

Ungo wa yule aliyesema ulisimama.

"Nilishuka kwa miguu yangu," alisema. "Hakuna aliyenishusha. Kaka yangu alikuwa ameshakufa. Huyu alikuwa bado hajafa." Akanyoosha mwiko kule ambako binti yangu alikuwa anakimbizana na wenzake kuzunguka zizi. Kisha akanigeukia mimi. "Mkamwana, huo mchele ukiisha ulete. Maji yameshachemka."

Nikainuka na ungo wangu, nikamfuata jikoni.